Usiishie kwenye namba ya umri

Mzazi anayetaka kumnunulia mtoto mchezo wa video wa njozi za kutisha asiishie kwenye namba iliyochapishwa mbele ya kasha, bali aligeuze asome na maelezo ya nyuma, kwa kuwa namba yenyewe hutofautiana: Elden Ring, mchezo wa mwaka 2022, umepewa 16 na PEGI, taasisi ya Ulaya inayopanga umri unaofaa kwa kila mchezo, ilhali ESRB, mwenzake wa Marekani, imeuwekea 17. Tena damu na mapanga si mambo mazito kuliko yote. The Witcher 3, uliowekewa 18 na PEGI, una kisa cha baroni mlevi aliyekuwa akimpiga mkewe, na cha mimba iliyoharibika, ambamo mchezaji anaweza kujikuta amempakata kichanga aliyegeuka zimwi akimpeleka kuzikwa. Ni simulizi nzuri mno, lakini kwa mtoto wa miaka 11 ni mzigo mkubwa. Tovuti ya ESRB hueleza kwa ufupi matukio ya namna hii, hivyo isome kabla ya kulipa, kisha weka kikomo cha umri kwenye akaunti ya mtoto katika PlayStation au Xbox.