Somo: Chembe nano za chuma za kutoa kromiamu kwenye maji (soma kabla ya kuja inboksi)

Wakuu, naandika mara moja tu. Atakayenifuata inboksi nitamrudisha hapa. Hili ni somo la maabara. Kama huna kabati la kufyonza hewa, glavu na miwani, soma ujue, ila usijaribu.

Tunachotafuta ni chuma kitupu, ambacho bado hakijashika kutu, chembe zake zikiwa chini ya nanomita 100. Chuma hicho hutoa elektroni upesi. Kromiamu sita, ile sumu ya njano, ikizipokea hugeuka kromiamu tatu, ambayo hutuama kama tope maji yasipokuwa na asidi.

1. Chemsha maji yaliyokenekwa robo saa kufukuza oksijeni. Funika yapoe.

2. Yeyusha gramu 3 za feriki kloraidi (chumvi ya chuma, ile yenye maji sita) kwenye mililita 250 za maji hayo.

3. Yeyusha gramu 2.4 za sodiamu borohaidraidi (ndiyo itakayogeuza chumvi ya namba 2 kuwa chuma kitupu) kwenye mililita 250 nyingine. Itumie hapo hapo, hailali.

4. Dondosha ya tatu ndani ya ya pili, tone kwa tone, huku ukikoroga kwa mota. Usitumie kile kisumaku cha kukorogea, kitanasa chuma chako chote. Mchanganyiko utakuwa mweusi na haidrojeni itatoka kwa wingi, kwa hiyo pasiwe na moto wala cheche. Tumia bika la lita 2, povu linapanda.

5. Nasa chembe kwa sumaku kutoka nje ya bika, mwaga maji, suuza kwa ethanoli mara tatu.

6. USIKAUSHE. Mara ya kwanza nilichuja vizuri, nikaacha unga kwenye karatasi ya chujio juu ya meza, nikaenda zangu kunywa chai. Niliporudi karatasi ilikuwa na tundu lenye kingo nyeusi, na unga wangu umekuwa mwekundu kama vumbi la barabara ya Kibosho. Chembe ndogo hivi zina eneo kubwa mno la kugusana na hewa. Ethanoli ikiisha kukauka, chuma kinaungua chenyewe bila kiberiti. Bahati yangu ile chupa ya ethanoli ilikuwa mbali. Siku hizi naacha chembe ndani ya ethanoli, chupa imejaa hadi shingoni, na natumia ndani ya siku chache. Ukiuliza utapimaje uzito wa kitu kibichi: hapo umepata kama gramu 0.6, jaza ethanoli hadi mililita 60, kila mililita ina miligramu 10. Tikisa kabla ya kuchota.

7. Jaribu kwenye maji yenye kromiamu sita, miligramu 20 kwa lita. Mililita 100 za maji, mililita 10 za chembe (nasa kwa sumaku, mwaga ethanoli kwanza). Tikisa saa moja, chuja, pima kwa difenilkabazaidi (dawa inayogeuka zambarau ikikutana na kromiamu sita) kwenye mashine ya kupima rangi, mwanga wa nanomita 540. Usiamini macho: njano hupotea kabla hujafika miligramu 0.05 kwa lita, kikomo cha WHO kwa maji ya kunywa.

Tope lililobaki ni sumu. Lisiende mto Themi.

MASWALI

Ngaramtoni_boy: Mkuu naweza kukausha kwenye oveni?
— Namba 6.

Ngaramtoni_boy: Nimesoma, ila oveni yangu ina joto dogo.
— Namba 6, mkuu. Halafu nunua karatasi nyingi za chujio.

Mama Meno: Itaondoa floridi ya kisima chetu?
— Hapana, dada. Floridi si metali nzito na haina elektroni ya kuomba kwa chuma. Huko kwetu dawa iliyozoeleka ni mkaa wa mifupa, uliochomwa vizuri na kubadilishwa ukichoka. Lengo ni miligramu 1.5 kwa lita.

Binti Tengeru: Shikamoo mwalimu. Udongo wa nyuma ya gereji ambako betri zilivunjwa, risasi itatoka?
— Marahaba, swali zuri. Haitoki. Chuma kinaishika tu, mimea na maji visiipate kirahisi. Ukipima jumla ya risasi utaikuta ile ile. Ndiyo maana udongo ukija kuwa na asidi baadaye inaweza kuachiliwa. Na usifikiri metali zote ni sawa: risasi chuma huigeuza metali, zinki hung'ang'ania tu juu ya kutu. Usipande mchicha hapo.

Fundi TIG: Kama huna gesi ya naitrojeni, agoni ya kuchomelea alumini inafaa kufukuzia hewa kwenye bika?
— Inafaa sana. Asante, hilo sikuwaza.

Chai_bora: Mimi nilichanganya majani ya chai na feriki kloraidi, ikawa nyeusi papo hapo. Rahisi kuliko yako.
— Weka tone la asidi ya haidrokloriki hafifu. Chuma kitupu hutoa povu. Jaribu na sumaku pia.

Chai_bora: Hakuna povu. Sumaku haivuti.
— Basi umetengeneza wino. Wengi huuita nano. Tunza, unaandika vizuri na haufutiki.