Namna ya kupata mzuka wa kila siku ukiwa India (na sio kwenye vivutio)

Watu wengi wakitua India wanakimbilia Taj Mahal, wanapiga picha mia mbili, wanarudi hotelini jua limewamaliza alafu wanashangaa mbona moyo uko vilevile. Sikatazi Taj, nenda, ni nzuri kweli. Ila kama unatafuta kitu cha kukuamsha siku umechoka na shughuli zako, hicho kipo mlangoni kwa jirani saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Kwahiyo kitu cha kwanza, amka mapema, yaani mapema kweli. Mi nilikaa Chennai kwa masomo, na nyumba ya mbele kulikuwa na mama mmoja nilikuwa namwita akka, ndo dada mkubwa kwa Kitamil. Kila alfajiri anatoka na ndoo, anamwagia maji kizingiti, anafagia, alafu anachota unga wa mchele kwenye kibakuli. Anainama miguu imenyooka kabisa, anaachia unga utiririke kati ya kidole gumba na cha shahada, anaweka kwanza madoti, mistari na mistari ya madoti, kisha anapitisha mstari mmoja unayazunguka yote bila kukatika mpaka unarudi pale ulipoanzia. Hiyo ndo kolam. Dakika kumi tu, anachukua ndoo yake anaingia ndani, hata hageuki kuangalia. Ikifika saa tatu pikipiki imeshapita katikati, sisimizi wanabeba unga, ndege wanadonoa, na kesho yake anachora nyingine. Mwezi wao wa Margazhi, ule wa katikati ya Desemba mpaka katikati ya Januari, ndo zinakuwa kubwa mpaka zinakula nusu ya njia, we pita pembeni tu.

Wakati huo tasnifu yangu ilikuwa imekwama miezi miwili, kila sentensi naiona mbovu naifuta. Nikaamua kumuiga akka, nusu ukurasa kila asubuhi kabla sijashika simu, ikikanyagwa ikanyagwe. Ndo maana nakwambia ukiona kitu kimekugusa usikiache kwenye galari ya simu, kiibe ukiweke kwenye ratiba yako siku hiyohiyo, hata kwa udogo.

Pili, chagua kijiwe kimoja cha chai na ukirudie kila siku saa ileile, sio vijiwe kumi mara moja moja. Mumbai utaletewa kating, glasi nusu, Kolkata utapewa kikombe cha udongo ambacho ukimaliza unakitupa. Siku ya kwanza wewe ni mgeni tu, siku ya tano muuzaji hakuulizi tena sukari, siku ya nane kuna mzee atakuuliza unatoka wapi na umeoa au bado (wataulizia ndoa, jiandae). Simu weka mfukoni. Na kama upo Kolkata tafuta adda, ile ya kukaa tu watu kubishana bila ajenda, Coffee House ya College Street ndo kijiwe chenyewe cha miaka na miaka. Wabengali watabishana samaki, siasa, timu za mpira za Mohun Bagan na East Bengal, saa mbili zimepita na hakuna aliyeshinda na hakuna anayejali. Mi nilitoka pale na mawazo mengi kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria.

Hapo ujue kuita watu. Kusini sehemu nyingi ni akka na anna, kaskazini didi na bhaiya, na anti na anko zinafanya kazi nchi nzima. Sisi hii hatuhitaji kufundishwa, ni kama dada na kaka zetu, ila wageni wengine wanaita watu "samahani wewe" alafu wanalalamika hawajazoeleka. Tega na sikio, pesa, laki, gari, achari, utakuwa unayasikia sokoni ukidhani mtu wa kwenu yupo nyuma yako.

Tatu, na hii ndo naipenda kuliko zote, toa mikono yako na sio macho tu. Nenda gurdwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, iwe Bangla Sahib pale Delhi au ile kubwa ya dhahabu Amritsar ambako wanalisha watu elfu hamsini na zaidi kwa siku, bure, dini yoyote, mchana na usiku. Vua viatu, funika kichwa, osha miguu, kaa chini kwenye mstari na wenzio. Chapati inapokelewa kwa mikono miwili, usinyooshe mmoja. Ila usile ukaondoka. Uliza wapi wanamenya vitunguu au wanaosha sahani, hakuna atakayekuuliza cheti. Nilipangwa kwenye beseni la kuosha, sahani za chuma zinagongana kelele mpaka huwezi kuongea, kushoto kwangu mtu amevaa saa ya bei mbaya, kulia mvulana wa kama miaka kumi na mbili ananizidi spidi. Nililowa mpaka viwiko. Ile wiki nzima sikulalamika kuosha vyombo kwangu, baada ya hapo nikarudi kuwa mvivu, lazima niseme ukweli.

Ukiwa Mumbai, saa tano na nusu asubuhi simama nje ya stesheni ya Churchgate uwaone dabbawala na kofia zao nyeupe wanapanga vyakula vya watu vya kutoka nyumbani kwenda maofisini, alama za rangi na namba kwenye kifuniko tu, kazi imeanza 1890. Usizibe njia, wanakimbia.

Angalizo moja. Umaskini wa mtu sio mzuka wako. Usimpige picha aliyelala barabarani alafu uandike "wana kidogo lakini wana furaha", hujui kama ana furaha, hujamuuliza. Mambo ya tabaka nayo yapo, kuna kazi watu wamezirithi bila kuchagua, kwahiyo ukiona mtu anafagia kwa ustadi usikimbilie kuandika shairi.

Wiki ya mwisho Chennai nilijaribu kolam mlangoni kwangu. Unga ulimwagika mafungu mafungu, mstari ukagoma kurudi ulikoanzia. Akka akavuka njia, akaangalia, akaifuta na mguu akicheka, akanipa kibakuli chake na kuniwekea madoti tisa tu. Akaniambia, anza na haya.