Namna ya Kubandika Rangi ya Fluoresenti kwenye Kingamwili

Hivi karibuni nilikaa na mwanafunzi mmoja katika maabara yetu hapa Kampala, ambaye alikuwa amebandika rangi kwenye kingamwili zake mara mbili, na mara zote mbili hadubini ikamwonyesha giza tupu. Kosa lake ndilo lililowahi kunipotezea siku nzima mimi mwenyewe, na ndiyo sababu ninauandika utaratibu huu.

Kwanza, chagua rangi. Mimi hutumia Alexa Fluor 488 yenye esta ya NHS (sehemu ya molekuli inayoinasisha rangi kwenye protini), wala siirudii FITC, rangi nyingine ya kijani. Zote mbili hung'aa kijani zikimulikwa kwa mwanga wa nanomita 490 hivi, lakini FITC huchujuka upesi na hufifia pH inaposhuka chini ya 7.

Pili, safisha kingamwili, na hapa usiharakishe. Esta ya NHS hushika amini (kikundi chenye nitrojeni) yoyote iliyo huru. Haitofautishi lisini, asidi amino iliyomo kwenye kingamwili, na Trisi au glisini, kemikali zenye amini zilizomo kwenye bafa (myeyusho unaotunza pH). Chukua miligramu 1 ya IgG (aina ya kingamwili itumikayo zaidi) katika nusu mililita ya bafa yenye Trisi ya milimoli 50 kwa lita: humo mna mikromoli 25 za Trisi, ilhali rangi utakayoweka, hata ikiwa mara 10 ya kingamwili, ni nanomoli 67 tu. Trisi inaizidi rangi zaidi ya mara 350, na rangi karibu yote itaishia huko. Kwa hiyo soma kwanza karatasi iliyokuja na kingamwili. Ukikuta Trisi au glisini, badilisha bafa kwa kichujio cha sentrifuji cha kilodaltoni 30 (kipimo cha ukubwa wa molekuli), ukiongeza bikaboneti ya sodiamu ya moli 0.1 kwa lita yenye pH 8.3 na kuzungusha mara 3 au 4. Ukikuta albumini ya ng'ombe, protini ambayo nayo hunasa rangi, kichujio hicho hakitakufaa, kwa kuwa albumini ina kilodaltoni 66 na hubaki juu pamoja na kingamwili. Agiza kingamwili isiyo na albumini, au isafishe kwa protini G, ambayo hushika kingamwili. Kichupa cha mwanafunzi yule kilikuwa na Trisi na albumini pia.

Tatu, toa rangi kwenye friza na uiache ifikie joto la chumba kabla ya kufungua kifuniko. Hewa yetu ya kandokando ya Ziwa Viktoria ina unyevu mwingi, na maji huivunja esta. Iyeyushe katika kiyeyushi cha DMSO kikavu, miligramu 10 kwa mililita, siku ile ile ya kuitumia.

Nne, ongeza mikrolita 4 hivi kwa kila miligramu ya IgG, koroga taratibu, na uache saa moja gizani. Pitisha kwenye safu ya Sephadex G-25, jeli inayotenganisha kingamwili na rangi iliyobaki huru. Ukanda wa rangi unaotangulia ndio kingamwili.

Tano, pima ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 280 na 494. Toa 0.11 ya kipimo cha 494 kwenye kile cha 280, ugawe kwa 210,000 upate moli za IgG kwa lita. Kisha gawa kipimo cha 494 kwa 71,000 upate moli za rangi kwa lita, na uzigawe hizo kwa moli za IgG. Rangi 4 hadi 7 kwa kila kingamwili zinatosha, kwani zikizidi sana huzimana zenyewe kwa zenyewe. Mwanafunzi yule, baada ya kuagiza kingamwili isiyo na albumini na kubadilisha bafa, alipata 5.