Namna ya Kuandika Riwaya ya Vijana Yenye Uchawi, Wezi na Safari za Wakati

Anayetaka kuandika riwaya ya vijana inayochanganya uchawi, wizi na safari za wakati ana tatizo moja ambalo ni vyema alijue kabla hajaandika ukurasa wa kwanza, nalo ni kwamba vitu vyote vitatu ni njia za kukwepa. Mwizi humkwepa mwenye mali na askari, mchawi hukwepa kanuni za maumbile, na anayerudi katika zama zilizopita hukwepa matokeo ya yale aliyoyatenda. Mhusika aliyepewa njia zote tatu bila kizuizi hanaswi, na msomaji akishatambua kwamba hanaswi, hana sababu ya kuendelea kusoma. Kwa hiyo kazi kubwa hapa ni kuziba njia. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuziziba kwa kutumia mfano wa vijana wa leo wa Mji Mkongwe, Unguja, wanaorudi mwaka 1896 ili kuiba hati ya nyumba iliyowekwa katika majumba ya sultani.

Anza na kanuni ya wakati, kwa kuwa ndiyo inayoharibu hadithi upesi zaidi. Amua kama aliyerudi nyuma anaweza kubadili yaliyokwisha kutokea. Ukimruhusu abadili chochote, kila kosa litafutwa kwa safari nyingine; ukimnyima kila kitu, atabaki mtazamaji tu. Kwa riwaya ya wizi ninapendelea msimamo wa kati: matukio makubwa hayabadiliki, lakini vitu vinaweza kuhama kutoka mkono mmoja hadi mwingine, maadamu hakuna aliyeandika mahali vilipoishia. Hati iliyodhaniwa kuungua inaweza kuchukuliwa saa chache kabla ya moto, na historia ikabaki kama ilivyo.

Kisha weka bei ya safari, na bei hiyo unaweza kuitoa katika msemo ambao kila msomaji wako anaujua, kwamba siku za mwizi ni arobaini. Uchukue kama sheria halisi ya ulimwengu wako: kila msafiri ana siku arobaini tu za kukaa nje ya zama zake katika maisha yake yote, zinahesabiwa kila jua linapotua, na ya arobaini ikitimia anabaki kulekule aliko. Kiongozi wa kundi awe amekwisha kutumia thelathini na saba, na wenzake wasijue. Ukifanya hivyo, hata mazungumzo ya kawaida ya jioni barazani yatakuwa na wasiwasi ndani yake, kwa sababu msomaji ataliangalia jua kabla ya wahusika kuliangalia.

Katika uchawi, usiazime fimbo na vitabu vya mazimwi kutoka mbali wakati sisi wenyewe tuna imani zinazohusu wizi moja kwa moja. Wenye maduka huilalamikia chuma ulete: mteja analipa kwa noti, anaondoka na bidhaa pamoja na chenji, na jioni droo inapohesabiwa fedha zimepungua bila mkono wa mtu kuonekana. Kwa upande wa pili kuna zindiko, linalofukiwa kizingitini au katika pembe za nyumba ili mwizi akishaingia asiweze kutoka. Tayari unayo silaha ya kushambulia na ya kujilinda, na hakuna msomaji atakayehitaji kufafanuliwa. Jambo zuri zaidi ni kwamba historia yenyewe inakusaidia kuweka mipaka, kwa sababu serikali ya Zanzibar ilianza kutoa noti zake mwaka 1908. Kijana ambaye leo ni fundi wa chuma ulete, na ambaye dawa yake hukaa kwenye karatasi pekee, akifika mwaka 1896 atakuta watu wakihesabiana rupia za fedha na pesa za shaba, na uwezo wake wote umekwisha pale sokoni.

Tahadhari moja: usimfanye bibi kizee mwenye macho mekundu kuwa mchawi wa hadithi yako. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania vikongwe wameuawa kwa dhana hiyohiyo, ilhali wekundu wa macho yao ulitokana mara nyingi na moshi wa jikoni. Riwaya ya vijana haina haja ya kuongeza kuni hapo.

Utafiti wa zama ndio unaostahili kupewa muda mwingi zaidi, maana ndiko yaliko mafundo ya hadithi. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akaingia katika majumba ya kifalme na kujitangaza mrithi. Waingereza walimtaka aondoke kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Hakuondoka, na manowari zikayapiga mizinga majumba hayo kwa takriban dakika 40. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, jumba la Beit al-Hukm likaharibiwa vibaya, na Hamoud bin Mohammed akawekwa kwenye kiti siku hiyohiyo. Mwandishi wa wizi hawezi kupata saa nzuri zaidi ya hizo zinazotangulia mizinga, wakati macho ya kila mlinzi yako baharini.

Sasa tazama siku yenyewe. Tarehe 27 Agosti 1896 ilikuwa Alhamisi. Kwa hesabu ya jadi ya pwani siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku wa Alhamisi ni ule unaofuata Jumatano jioni. Mwenyeji wa 1896 akiwaambia vijana wako, "Nitawafungulia mlango usiku wa Alhamisi," na wao wakahesabu kwa kalenda ya simu zao, watafika saa ishirini na nne baada ya miadi na kukuta vifusi. Hakuna uchawi uliotumika wala mtu aliyewasaliti. Hata mwezi unaweza kukufanyia kazi: siku hiyo ulikuwa umetimia siku chache tu zilizopita, hivyo ulichelewa kuchomoza baada ya magharibi, na mwizi alikuwa na muda mfupi wa giza kabla vichochoro havijaanza kung'aa.

Majengo nayo yahakikiwe kwa mwaka. Beit al-Ajaib lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lakini mnara wa saa ulio usoni mwake katika picha nyingi uliongezwa baada ya shambulio la 1896. Kabla ya hapo ulikuwapo mnara wa taa uliosimama peke yake mbele ya jumba. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya jumba iliporomoka pamoja na mnara. Kijana aliyezaliwa karibuni anaweza kuwa ameujua mnara huo kwa picha tu, na ukimwandika akisoma saa juu yake mwaka 1896, msomaji wa Unguja atakifunga kitabu. Vilevile pesa za shaba za kwanza za Barghash zina mwaka 1299, nao ni wa Hijria, unaolingana takriban na 1882. Mhusika atakayezitoa dukani mwaka 1875 ataulizwa amezipata wapi.

Usisahau kwamba utumwa ulikuwa bado halali Unguja mwaka 1896. Ulifutwa kisheria mwaka uliofuata. Kijana mgeni asiye na ukoo mjini hawezi kuzurura tu kama mtalii, kwa kuwa swali la kwanza litakuwa yeye ni wa nani. Kizuizi hicho ni kizito kuliko zindiko lolote utakalobuni, na ukikipuuza riwaya itanuka uongo.

Kuhusu wezi wenyewe sina mengi. Wanne wanatosha, kila mmoja na ufundi wake, na kila mmoja na sababu yake ya kuitaka ile hati. Kibaka wa stendi asizungumze kama mpigaji wa ofisini.

Lugha inahitaji uangalifu zaidi. Kiambishi -ka- hupanga matendo kwa mfuatano, na safari za wakati huuvuruga mfuatano wa kalenda. Njeo, yaani nyakati za vitenzi, zifuate maisha ya mhusika, na kalenda itajwe kwa maneno. Msomaji akiambiwa, "Zuhura alikuwa ataiba ufunguo aliokuwa amekwisha kuurudisha," atapotea. Akiambiwa, "Zuhura aliurudisha ufunguo. Siku tatu baadaye, kwa hesabu yake, akavuka hadi Jumanne iliyopita, akauiba," ataelewa bila kurudia. Mhusika anapokutana na nafsi yake ya zamani, "yeye" halitoshi. Mpe mmoja wao alama ya kudumu, kama kovu au kanzu iliyochanika, na uitaje kila mara.

Kabla ya kuandika sura, chora jedwali la safu mbili, moja ya tarehe za kalenda na nyingine ya siku zilizobaki kati ya zile arobaini za kila msafiri, na ulisahihishe kila sura inapobadilika. Anza kuandika tukio la wizi, hata kama liko katikati ya kitabu, kwa kuwa ndilo litakalokuonyesha ni vizuizi gani lazima vitajwe mapema. Rasimu ikiisha, mpe kijana wa miaka kumi na mitano na umwombe atafute njia ambayo wezi wangeweza kuponyoka kirahisi. Swali atakaloliuliza karibu kwa hakika ni kwa nini hawakurudi tena dakika kumi kabla ya kukamatwa. Jibu lake liwe limeshawekwa katika sura ya tatu. Likisubiri sura ya ishirini, ataona umelitunga ili kujiokoa.