Kuunda modeli ya maji ya ardhini ya Elgon, pande zote mbili za mpaka

Nimezaliwa Malaba, upande wa Uganda. Shangazi yangu aliolewa ng'ambo, Kenya, na kisima chao na chetu vilikuwa vikipungua maji mwezi uleule wa Februari. Nilipoanza kazi ya maji Mbale, nikakuta ramani zetu zinakatika mpakani. Kule kwa shangazi karatasi ilikuwa nyeupe. Ukiunda modeli, yaani mfano wa kompyuta wa jinsi maji yanavyopita chini ya ardhi, juu ya ramani ya namna hiyo, kompyuta itahesabu kana kwamba mpakani pamejengwa ukuta hadi chini ya mwamba. Nyinyi mnaoanza kazi hii, msianzie hapo.

Anzeni kwa kuuliza maji yenyewe yanaishia wapi. Kilele cha mlima Elgon, Wagagai, kina mita 4,321, na mvua ya juu huko huzama na kuteremka pande zote. Mto Lwakhakha, ambao kwa sehemu ndio mpaka wa nchi, unateremka na kuwa mto Malaba, kisha unaingia mto Mpologoma kuelekea Ziwa Kyoga. Kwa hiyo mto huo uwekeni katikati ya modeli, si ukingoni. Ukingo wa juu uwe mgongo wa mlima, na muuchukulie kuwa haupitishi maji. Lakini mgongo tunaouona kwa macho si lazima ulingane na ule wa maji ya chini. Usogezeni kilomita moja huku na huku, mtazame kama majibu yanabadilika.

Halafu nendeni visimani. Mimi hufika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kabla akina mama hawajapanga jerikeni, kwa sababu kisima kilichokwisha pampiwa kinadanganya. Teremsha utepe, soma kina cha maji, toa urefu wa bomba lililojitokeza juu ya ardhi. Wenzenu wa upande wa pili wapime wiki hiyohiyo. Vipimo vya Januari vya Uganda ukivichanganya na vya Mei vya Kenya, masika yakiwa katikati, utachora mteremko ambao haupo.

Kuna kosa lililonigharimu miezi miwili. Ramani za zamani za nchi zote mbili zimechorwa kwa vipimo vya Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwenye ramani, nasi tulipima kwa GPS inayotumia mfumo mwingine, WGS84. Tofauti yake hapa kwetu ni takriban mita 300 kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Kwenye mbuga ungeisamehe, lakini kwenye miteremko ya Elgon mita 300 zinakupeleka kitongoji kingine. Visima vyangu vya upande mmoja vilikaa mahali pasipo pao, na modeli ikaonyesha maji yakipanda mlima. Badilisheni vyote viwe mfumo mmoja kabla ya kufungua programu yoyote.

Kabla ya programu pia, chukueni kalamu. Henry Darcy aliandika kanuni yake mwaka 1856, na bado ndiyo moyo wa kazi yote: zidisha upenyevu wa mwamba (jinsi unavyopitisha maji), mteremko wa maji, na eneo la mkato yanapopitia, yaani unene wa tabaka mara upana wake. Tuseme upenyevu ni mita 0.5 kwa siku, maji yanashuka mita 10 kila kilomita, unene wa tabaka ni mita 30, na unatazama upana wa kilomita moja. Utapata mita za ujazo 150 kwa siku, sawa na jerikeni 7,500 za lita 20. Modeli ikikupa mara mia ya hapo, jua kuna namba umeikosea.

Programu ninayotumia ni MODFLOW, iliyotolewa na idara ya jiolojia ya Marekani mwaka 1984 na ambayo bado ni ya bure. Kompyuta ya kawaida inatosha. Gawanyeni eneo kwa miraba ya mita 500, kwa matabaka mawili: juu udongo na mwamba uliooza, chini mwamba mgumu wenye nyufa. Mlimani, ambako mawe ni ya volkeno, upenyevu wekeni wa peke yake.

Sasa sehemu inayowapotosha wengi. Ukirekebisha namba hadi modeli ilingane na vina vya maji visimani, utafurahi mapema. Zidisha mvua inayozama mara mbili, zidisha na upenyevu mara mbili: vina vitabaki karibu vilevile, ilhali maji yanayopita yameongezeka maradufu. Visima peke yake haviwezi kukuambia ipi ni kweli. Na mkikaa mezani na Wakenya kuzungumzia nani achimbe wapi, hicho ndicho kiasi mnachogombania. Kwa hiyo pimeni mto wakati wa kiangazi, wiki kadhaa baada ya mvua ya mwisho. Maji yanayoendelea kutiririka wakati huo mengi yanatoka ardhini, na namba hiyo moja inafunga mlango wa kubahatisha. Mimi ningeacha visima kumi nisivipime ili nipate kipimo kimoja kizuri cha mto.

Wekeni kando visima vichache msivitumie katika marekebisho, mje kuijaribu modeli navyo mwishoni. Kisha ongezeni kisima kikubwa cha mji upande mmoja, muiendeshe miaka 20, msome kina kinashuka kiasi gani upande wa pili. Fanyeni pia kinyume chake, na muwapelekee majirani majibu yote mawili pamoja na mafaili yenyewe, wayaendeshe kwa mikono yao. Ofisi ya Mpango wa Bonde la Nile iko Entebbe, na maji ya ardhini ya Elgon yamo kati ya yale waliyoyachunguza pamoja na nchi hizi mbili. Takwimu waombeni hapo mapema, barua huchukua muda. Januari nitakuwa daraja la Lwakhakha na utepe wangu.