"Die out", "die off" na "die down": jiulize kwanza kumebaki nini

Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, mtoto wa mvuvi hapa Tanga, aliandika kwenye insha: "When the fire died out, we put the fish on it." Nilimwelewa. Ila mchoma samaki hangoji moto uzimike. Anangoja ndimi zilale, yabaki makaa mekundu. Hiyo kwa Kiingereza ni "die down": nguvu imepungua, kitu chenyewe kipo. Upepo, kelele, hasira, uvumi wa mtaani, vyote hutumia "die down" vinapotulia. "Die out" ni kwisha kabisa. Moto uliofika huko unataka kiberiti upya.

Kwa hiyo kabla ya kuandika kineno kinachofuata "die", jiulize: kumebaki nini?

"Die out" naifundisha kwa silikanti, maana ni samaki wa kwetu. Wanasayansi walimjua kwa visukuku tu, wakaamini ametoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 hivi iliyopita. Mwaka 1938 akavuliwa mmoja Afrika Kusini, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimkuta kwenye jarife zao. Ndipo tunapata sentensi hii: "People thought the coelacanth had died out." Yaani walidhani aina nzima imekwisha, hakusalia hata mmoja. Desturi na lugha zinazokosa warithi nazo husemwa hivyohivyo.

"Die off" ina picha nyingine: mmoja baada ya mwingine, kundi linapukutika. Nalipenda sana neno letu hilo, kupukutika, kwa sababu ukilishika hutakosea tena. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ambao kwa Kiingereza ni "rinderpest", ilipoingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, Wamaasai walipoteza sehemu kubwa mno ya ng'ombe wao. "Their cattle died off." Ukiandika "died out" umesema uongo, kwa kuwa mbegu ilibaki na mifugo ikazaana tena.

"Die away" iachie sauti: mashine ya boti inayokwenda mbali, inafifia mpaka husikii kitu.

Kosa ninalokutana nalo zaidi kwenye madaftari ni hili: "The disease was died out." Futa hiyo "was". Kitu hu"die out" chenyewe, hakitendwi, kama ambavyo hakuna Mswahili atakayesema "kimetowekwa". Pakiwa na mkono wa mtu, chukua "wipe out", ambayo ni kutokomeza. Sotoka yenyewe ilipigwa vita kwa chanjo mpaka ikatangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, kwa hiyo andika: "Rinderpest was wiped out." Hapo "was" imekaa mahali pake.