Kadi ya SD ndani ya kamera ya SxS: jinsi ya kutumia adapta bila kulia

Jamaa yangu kanunua Sony PMW-EX1 iliyotumika, kamera ya 2007 lakini kwa picha bado inapiga kazi, akaja na kadi zake za SD mfukoni akaniuliza, "Kaka, hizi naziweka wapi?" Hakuna pa kuziweka. Kamera hiyo inakula kadi za SxS (kadi za kumbukumbu za kamera za kitaalamu), umbo lake ni ExpressCard/34, lile la kadi za nyongeza za laptopu, na SxS halisi bei yake inauma hata ikiwa mtumba. Ndipo adapta inapoingia. Tulikaa mchana mzima mpaka ikakubali, nikaona bora niandike maana mimi mwenyewe hiki kitu kilishanikesha. Naongelea EX1 na ndugu yake EX3.

Hatua ya 1: adapta

Watu wanadhani adapta ni plastiki tu ya kubadilisha umbo. Sivyo. SxS halisi inaongea na kamera kwa njia ya PCI Express, ambayo ni ya kasi, adapta ya SD inapitia USB 2.0, maana soketi ya ExpressCard inabeba njia zote mbili. Kwa hiyo hata ukiweka kadi ya kasi namna gani, haigeuki kuwa SxS. Hilo likae kichwani, tutalirudia.

Mimi nachukua adapta inayomeza kadi yote ndani, basi. Zile zinazoacha kadi ikichungulia nje sizitaki hata bure, mlango wa sloti haufungi, vumbi linaingia, halafu siku moja kidole kinaigusa kadi katikati ya mahojiano na klipu imekwenda. Sony wenyewe walitoa MEAD-SD01, na zipo za watengenezaji wengine zinazofanya kazi vizuri. Kabla ya kulaumu adapta angalia fimweya ya kamera (programu yake ya ndani), ikiwa bado ile ya mwanzo kabisa isasishe kwanza.

Hatua ya 2: kadi

SDHC ya 32GB, Class 10, nunua mbili za aina moja. 32GB inakupa kama dakika 100 kwa HQ (ubora wa juu) ya megabiti 35 kwa sekunde, inatosha. Za 64GB na kuendelea ni SDXC na zinakuja na mfumo wa mafaili wa exFAT, wakati EX1 inatumia ule wa FAT32, kuna watu wanazilazimisha zinakubali, mimi sitaki kamari kwenye kazi ya mtu.

Usidanganywe na namba kubwa iliyoandikwa usoni mwa kadi. Ile 95 (megabaiti kwa sekunde) mara nyingi ni kasi ya kusoma, wewe unataka ya kuandika. Na zile za UHS-II zenye mistari miwili ya pini, mstari wa pili adapta hizi haziugusi, umelipia bure.

microSD ndani ya adapta ya SD ndani ya adapta ya SxS: hapana. Kila kiungo ni mahali pa kukatikia.

Kadi mpya yoyote naipima kwanza kwa H2testw kama ni Windows, au F3 kama ni Mac au Linux, inaijaza yote halafu inaisoma yote. Kadi feki inakwambia ina 32GB kumbe ina 8, ikijaa inaanza kuandika juu ya ulichorekodi asubuhi na kamera haisemi neno.

Hatua ya 3: kuweka na kufomati

SD ndani ya adapta kwanza, ukiwa nje ya kamera. Hakikisha kile kitufe kidogo cha kufunga pembeni mwa SD hakijateleza. Ingiza adapta, fomati kwenye kamera yenyewe, sio kwenye laptopu. Na usichomoe SD peke yake adapta ikiwa bado ndani. Subiri taa ya sloti iache rangi ya chungwa, toa vyote pamoja.

Hatua ya 4: jaribio (hapa ndipo nilipokesha)

Mara yangu ya kwanza kila kitu kilikuwa sawa mpaka nibonyeze rekodi. Inaenda sekunde chache, inasimama, inalalamika kuhusu kadi. Nikafomati. Ikasimama. Nikabadilisha kadi, tena, tena, kadi tatu zote hadithi moja. Nikasafisha pini za adapta, nikahamia sloti B, nikatoa betri nikarudisha, saa saba za usiku nipo nafikiria kuirudisha adapta kwa aliyeniuzia na maneno ya kumwambia nilishayapanga. Halafu nikaangalia kwenye kioo, juu, maandishi madogo: S&Q, 60. Aliyeitumia kamera kabla yangu aliacha slo mosheni imewashwa. Nikazima, kadi zote tatu zikarekodi kama hakuna kilichotokea.

Hesabu yake ni hii. Kurekodi kwa kawaida ni megabiti 35 kwa sekunde, yaani kama megabaiti 4.4, kadi ya Class 10 inaahidi angalau 10, unapita umekaa. Lakini ukisema fremu 60 kwenye klipu itakayochezwa kwa 24, kamera inapaswa kuandika mara mbili na nusu ya kawaida ndani ya sekunde ileile, inafika megabiti 87 na ushee, yaani karibu megabaiti 11. Umeshavuka ahadi ya kadi, na katikati kuna adapta yenye chipu yake inayochukua muda wake. SxS haioni shida hapo. Adapta inaona.

Sasa wapo watakaokwambia "mbona yangu inakubali 60". Sawa, inaweza kukubali. Kadi nyingine zinaandika haraka kuliko zilivyoahidi, hasa zikiwa tupu. Shida ni kwamba inakubali ukiwa nyumbani unapiga picha ukuta mweupe, picha isiyo na vitu vingi haihitaji data nyingi, halafu ukienda kwenye majani yanayotikiswa na upepo au maji inasimama. Yangu ilikuwa inapita 30, ikifika 48 inaanza kuringa, 60 haitaki kabisa. Kwa hiyo pima hivi: tafuta kitu chenye mwendo na vurugu nyingi, rekodi kwa kasi ya kawaida mpaka kadi IJAE, sio dakika mbili, na sloti zote mbili ziwe na adapta uone kamera inavyohama kutoka A kwenda B bila kukata. Kisha icheze yote, hasa pale ilipohama. Inachosha lakini fanya mara moja kwa kila kadi, halafu iandikie namba kwa kalamu.

Ikija siku kamera ikasema kadi inahitaji kurekebishwa, usikimbilie kufomati. Iache ijaribu yenyewe kwanza, mara nyingi klipu iliyokatika inarudi.

Hatua ya 5: kuhamisha

Hapa faida ya SD inaonekana, unaitoa unaichomeka kwenye laptopu moja kwa moja. Kopi folda nzima ya BPAV, ndiyo kamera inamoweka klipu zote. Nzima! Usiingie ndani ya CLPR, folda iliyo humo ndani, ukachomoa MP4 peke yake, klipu ndefu zinakatwa vipande kwa sababu FAT32 haishiki faili la zaidi ya 4GB, na taarifa za kuviunganisha zipo kwenye mafaili madogo unayoyadharau. Kila kadi na folda yake yenye jina, maana zote ndani zinaitwa BPAV na ukiziweka sehemu moja zinakulana. Nakopi kwa programu inayohakiki, TeraCopy inatosha, sehemu mbili, ndio kadi inarudi kwenye kamera.

Wenye kamera za P2 (kadi za Panasonic), haya hayawahusu sana, adapta yenu ni AJ-P2AD1G ya Panasonic na inataka microP2, kadi yao yenye umbo la SD, na si kila kamera ya P2 inaikubali.

Jamaa yangu sasa anatembea na adapta mbili na SxS moja ya 8GB aliyoitafuta baadaye kwa ajili ya slo mosheni tu, kaibandika utepe mwekundu. Dakika 25 za kawaida, kwa fremu 60 zinabaki kama 10.